Pua ya Shangazi na Gari la Stroberi

Shangazi yangu ni fundi magari, na pua yake ina miaka thelathini kazini. Mpelekee gari, kabla hujamaliza shikamoo ameshajua linaumwa nini. Likinuka mayai yaliyooza, anakimbilia betri, inachajiwa kupita kiasi. Likinuka karatasi iliyoungua, jiandae.

"Klachi hiyo. Nani anaendesha mguu umelala juu ya pedali? Usinijibu, kiatu nakiona."

Tatizo ni bosi wake. Bosi wake ni baba yangu, mdogo wake wa kuzaliwa, na mdogo mtu akishika ufunguo wa gereji, jamani, tutakoma! Mwaka huu kanunua mashine ya kusoma hitilafu, anaifuta vumbi kuliko anavyofuta miwani yake. Halafu akaleta sheria: hakuna gari kutoka bila kupulizwa manukato ya stroberi. Eti wateja wanapenda.

"Unaniziba pua," Shangazi akamwambia.

"Dada, pua si kifaa."

"Basi ing'oe na hiyo yako, imekaa bure."

Alhamisi akaja mwalimu wa hisabati kuchukua gari lake. Mashine ilisema gari ni zima, stroberi imeshapulizwa. Kesho yake alikuwa anampeleka mama yake kijijini, mwendo wa saa sita, milima mitupu. Shangazi akaingia kulisogeza mlangoni. Akatoka na ufunguo mfukoni.

"Haliendi."

"Mama fundi, mashine imesema makosa sifuri," mwalimu akalalamika.

"Leo ndiyo unaiamini sifuri, mwalimu? Kuna harufu tamu humo."

Baba akaangua kicheko. "Si stroberi hiyo, dada! Gari kunukia imekuwa ugonjwa?"

"Stroberi yako iko kwenye viti. Hii inatoka kwenye matundu ya hita. Ni maji ya rejeta, yale yenye dawa ya kupoza injini, yanavuja nyuma ya dashibodi."

Baba akainua zulia la mbele. Kavu kama biskuti. Mafundi wawili wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mimi nikaangalia simu, na simu ilikuwa imezima.

"Sikiliza," Baba akasema, kwa sauti ya bosi sasa. "Nikifungua dashibodi nikakuta pakavu, kuanzia Jumatatu unapokea simu mapokezi. Huyu mwanangu atakufundisha kusema 'karibu'. Spana hugusi tena."

Wa mapokezi ni mimi. Sikupenda kugeuzwa jehanamu ya mtu.

Shangazi hakupepesa hata kope. "Sawa. Ila kabla hujafungua, ingia ukae."

"Mimi?"

"Si wewe mwenye gereji? Funga vioo, washa injini, hita mpaka mwisho. Na ukitoka kabla sijakwambia, simu utapokea wewe."

Baba akaingia, mikono kifuani, kidevu juu. Dakika ya tano jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Dakika ya kumi kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu kwa ndani, mzito, kama umepakwa mafuta. Akapitisha kidole. Kikateleza. Akakinusa, akakinusa tena. Sura ikambadilika kama mtu aliyetuma ujumbe kwenye kundi lisilo lake.

Akafungua mlango bila kuambiwa. Hakuna aliyemkumbusha habari za simu. Tunaheshimu watu wazima.

"Lakini nimeshamwahidi mama!" mwalimu akasema, sasa amekasirika kweli.

"Ungemfikisha katikati ya mlima," Shangazi akamjibu. "Maji yakiisha injini inachemka, na wewe kwa ukungu huo barabara huioni. Nuna, mwalimu, ni haki yako. Ila ufunguo sikupi."

Mwalimu akanuna, akampigia mama yake, akaanza kuomba msamaha kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili.

Baba alikuwa bado anajifuta shingo. "Dada."

"Sema."

"Hiyo ni kazi ya siku mbili."

"Moja na nusu, ukinyamaza."

Shangazi ameshapiga magoti chini ya dashibodi, kichwa hakionekani. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Bisibisi. Halafu nishikie taa, na usiitikisetikise."

Bosi akashika taa.