Kikanisa cha Babu na Rupia za Mjerumani

Nilitoka mjini, Kambarage, na basi la asubuhi hadi Kharumwa, kisha bodaboda mpaka kijijini, na watu wa kijiji kile walinichukia kabla sijavua helmeti. Sawa. Na mimi niliwachukia. Nilikuwa nimefuata jambo moja tu: kikanisa cha matofali ya udongo ambacho waumini wa kigango walishaamua kukibomoa wajenge kipya. Mama yangu, ambaye sasa hatoki kitandani, alishikilia kwamba baba yake, katekista aliyekijenga, alizikwa mle ndani, chini ya altare. Mwenyekiti wa kigango alisema hizo ni ndoto za bibi kizee.

"Nenda ukaulize," mama akaniambia. "Wasije wakamwaga zege juu ya baba yangu."

Nikauliza. Nani alifyatua matofali, nani alibeba maji, nani alizikwa wapi. Wazee waliitikia marahaba wakitazama pembeni. Wanawake waliacha kupepeta mpunga mpaka nilipoondoka. Nilipoinama na futi mle ndani kupima kutoka ukutani hadi altare, mwenyekiti akaangua kicheko.

"Mayu, mama yangu, usitufanye wajinga. Mtu wa mjini apime kanisa bovu bure? Ramani ya Mjerumani unayo, sema tu."

Ndiyo zao. Huku ukiulizia chochote cha zamani, basi unatafuta rupia zilizofukiwa na Wajerumani.

"Mjerumani gani?" nikafoka. "Kanisa limejengwa Mjerumani alishaondoka zamani! Namtafuta babu yangu!"

Alikuwa anaangalia mahali nilipokuwa nimeinama, mbele ya altare.

Nikalala gesti Kharumwa. Asubuhi niliporudi, mlango wa kikanisa ulikuwa umeng'olewa. Wachimbaji wa dhahabu wa pale pale kijijini walikuwa wameleta kipimo chao, kile kinacholia kikihisi madini, na kikalia. Wakapindua altare. Chini yake walishachimba duara, shimo la kisawasawa kama la machimboni, na magogo ya kuzuia udongo wameweka. Mungu wangu, ndani ya kanisa! Mwenyekiti alikuwa amesimama juu ya kifusi, vumbi mpaka kwenye kope, wala haoni haya.

"Hakuna kitu," akaniambia kwa hasira, utadhani nimemtapeli. "Msalaba wa shaba na mifupa tu."

Vyote walikuwa wamevitupia kwenye kiroba cha pumba. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Kisha nikavua kitenge nilichojifunga, nikakitandaza chini, nikapiga magoti, nikaanza kumhamisha babu yangu, mfupa kwa mfupa, huku nalia kwa hasira. Nikampigia mama, nikamweleza walivyochimba.

"Wamemkuta?" akauliza.

"Wamemkuta, mama."

"Chini ya altare?"

"Chini ya altare."

"Si nilisema mimi? Haya, mwambie huyo mwenyekiti kwamba mama yako si mwongo."

Nikageuka nimwambie. Alishashuka tena shimoni.

"Chimbeni, jamani," alikuwa anawahimiza wenzake. "Mjerumani akificha mali, juu yake anaweka maiti."