Nilivyoendesha V8 isiyopenya risasi kwenda Bunda kumrudisha mke wa bosi

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini mmeficha simu chini ya meza na mlioko nyumbani mnaosubiri chakula kiive.

Hii siyo chai. Imenikuta mimi mwenyewe nikiwa nimeshika usukani. Majina nimebadilisha maana bado nakula kwa bosi huyo huyo, ila nikiongeza chumvi hata punje moja, mods waufute uzi na mimi wanipige ban.

Mimi ni dereva, naishi Kigera hapa Musoma. Bosi wangu tumwite Magesa. Ni mzaliwa wa Butiama, anafanya biashara ya mabondo. Kwa mliokulia mbali na ziwa, bondo ni lile puto la hewa lililoko tumboni mwa sangara. Linakaushwa, linasafirishwa ng'ambo, na ukitajiwa bei yake unaweza kudhani muuzaji amelewa.

Sasa kuna kipindi bosi alivamiwa njiani na watu wa pikipiki akiwa na mzigo. Wakavunja kioo cha gari, wakachukua kila kitu, wakamwachia nundu kichwani. Nundu ilipona. Uoga haukupona.

Akaanza na ukuta. Halafu waya wa umeme juu ya ukuta. Halafu kamera, halafu mbwa wawili wanaokula vizuri kuliko mimi. Mwisho akaagiza gari.

Wakuu, ile gari nje ni V8 kama zingine mnazoziona. Ndani ni ngozi tupu, friji ndogo ya soda, kiti kinakukanda mgongo. Wanaoziuza wanasema zimetengenezwa kwa raia wenye uwezo wao. Lakini milango ina chuma ndani, vioo vina unene wa vidole vitatu, na tairi hata likitobolewa unaendelea na safari. (Vibali vyote anavyo, kwa hiyo wanasheria wa humu tulieni.)

Kuiendesha ni shughuli. Breki unaanza kuifikiria mapema, maana uzito wake ni kama gari mbili zimebebana. Mlango siku ya kwanza niliusukuma kwa mkono mmoja kama nilivyozoea, nikalala na bega limefungwa kanga ya mke wangu.

Ila shida kubwa ilikuwa vioo. Havishuki!

Kioo cha dereva peke yake ndicho kinashuka, tena kiganja kimoja tu, cha kumpitishia trafiki leseni. Na bosi akaweka sheria: tukishatoka getini, hicho nacho kisiguswe.

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuyumba.

Mke wa bosi, Mama Neema, ni binti wa Bunda, kwao ni mbele ya Manyamanyama, wakulima wa pamba na wafugaji. Ni mtu wa watu. Zamani alikuwaga akienda sokoni, mwendo wa dakika kumi, anatumia saa nzima kwa salamu peke yake. Anauliza habari za mtoto, za mbuzi, za yule shangazi aliyevunjika mguu. Sasa akawa anakaa nyuma ya kioo cheusi, anapunga mkono na hakuna anayemwona. Mtaani wakaanza kusema Mama Neema siku hizi anaringa.

Siku iliyomaliza mchezo tulikuwa tunatoka Butiama. Tukawapita watu wanatoka kuzika, wanatembea kwa miguu pembeni ya barabara. Mama akaniambia nisimame. Bosi akasema twende. Nikaenda, ndiye anayenilipa. Wakuu, huku kwetu ukiwapita watu wa msiba bila salamu, jambo hilo watalikumbuka mpaka kwenye msiba wako.

Tulipofika nyumbani mama hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mimi siyo bondo, Baba Neema. Usinifungie kwenye boksi."

Akafunga begi, akachukua bajaji mpaka stendi, akaenda kwao.

Wiki ya kwanza bosi akajifanya ana kazi nyingi. Wiki ya pili akaanza kukonda. Wiki ya tatu baba mkwe, tumwite Mzee Mahushi, akatuma ujumbe: Magesa aje mwenyewe kabla ya Jumapili, na mzee wa ukoo wake. Asipokuja, ng'ombe wa mahari wataswagwa kurudi Butiama. Ng'ombe wakisharudi, ndoa imekwisha, hata kama padri aliifunga kwa maji mengi ya baraka.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tukaondoka. Tulipitia Butiama kumchukua baba yake mdogo. Huyo mzee ndiye mwenye kazi ya kuongea, maana kwa mila yao mume aliyekimbiwa na mke haongei kitu ukweni. Anakaa kimya, kichwa chini, mzee wake anamwombea msamaha. Na mama mkwe ndiyo kabisa, hawatakiwi kutazamana usoni.

Baba mdogo alikuwa ameandaa hotuba. Tangu Makutano anaifanyia mazoezi kwa sauti. Tulikuwa na blanketi la baba mkwe, vitenge vya mama mkwe, na mbuzi wa faini.

Mbuzi tulimweka wapi? Nyuma humo humo, kwenye zulia. Kabla hatujafika Bunda alikuwa ameshajisaidia mara mbili, na kwa kuwa vioo havishuki, tukavumiliana naye.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kutoka barabara ya moramu kwenda kwa Mzee Mahushi unakatisha mbuga, ule udongo mweusi wa pamba. Mtu wa Bunda hahitaji maelezo. Baba mdogo akasema tuache gari barabarani, twende kwa miguu, ni hatua chache na ndiyo heshima. Bosi akakataa. Eti gari hii inapita popote.

Nilijua haipiti. Ningeweza kusema. Sikusema, na hilo ni kosa langu la kwanza.

Mita kama mia hivi kutoka kwenye boma, tukazama. Siyo kukwama, kuzama! Upande wa kushoto ukashuka taratibu mpaka matope yakafika nusu ya milango. Upande wa kulia ukabaki juu. Milango ya kushoto imezibwa na tope, ya kulia inabidi uisukume kuelekea mbinguni, na ile milango mnaijua uzito wake. Tukajaribu mimi na bosi kwa mabega, ukafunguka inchi mbili, ukarudi.

Yaani gari iliyotengenezwa watu wabaya wasiingie, sisi tumeshindwa kutoka.

Watu wakaanza kuja kutoka kwenye boma. Wazee, akina mama, vijana, kila mtu. Wanaongea, sisi hatusikii kitu, maana vioo vile havipitishi hata sauti. Bosi bado amekataza kioo changu kisishushwe. Nikakumbuka kuna spika imefichwa mbele kwenye grili, ya kuongea na watu wa nje bila kufungua. Nilikuwa sijawahi kuitumia, na kitabu chake cha maelekezo ni Kiarabu kitupu.

Nikabonyeza. Nikasema, "Jamani shikamooni, tunaomba ng'ombe wa kutuvuta." Nikaona wanaruka kwa mshtuko, halafu wakaelewa. Vijana wawili wakakimbia kufuata ng'ombe.

Nikabonyeza tena kuzima. Taa nyekundu ikawaka. Mimi kwa akili zangu, nyekundu ni imefungwa.

Hilo ndilo kosa langu la pili, na ndilo lililonifanya niandike uzi huu.

Kwanza mbuzi akalia. Watu wote nje wakaangua kicheko, wengine wameshika magoti. Bosi akakasirika, akasema watu wa ukweni wanatucheka. Mimi nikadhani wanacheka tope. Kumbe mbuzi amesikika boma zima.

Baba mdogo akamgeukia bosi. Mzee yule ni mpole, lakini siku hiyo alichoka. Akamuuliza, "Magesa mwanangu, hivi unaogopa nini?"

Bosi akatazama tope nje. Nilikuwa namwona kwenye kioo cha ndani. Mtu ambaye tangu nianze kazi kwake sijawahi kumsikia akisema neno la moyoni, kazi yake ni twende, simama, funga.

Akasema, "Naogopa kila kitu, baba. Tangu siku ile nikisikia pikipiki nyuma yangu mikono inatetemeka. Usiku yeye ndiye alikuwa ananishika mkono mpaka nalala. Nikadhani nikimfungia ndani namlinda. Sasa nimebaki na mbwa na kamera. Silali."

Baba mdogo akamuuliza kama amewahi kumwambia mkewe maneno hayo.

"Nitamwambiaje? Ataniona siyo mwanaume."

Wakuu, sitaona aibu kusema, nilifuta macho kwa kitambaa cha kusafishia dashibodi.

Halafu nikatazama nje. Hakuna anayecheka. Watu wamesimama wima kama wako kanisani. Akina mama wameweka mikono mdomoni. Mama mkwe wake yuko palepale, hatua tano kutoka kwenye gari, amesimama anasikiliza tu. Kukimbia hakuwa na sababu, maana kioo ni cheusi na uso wa mkwe wake hauoni. Na Mama Neema yuko pembeni yake, ameshika kichwa.

Mzee Mahushi akaja mpaka kwenye kioo changu, akagonga kwa fimbo. Nikavunja sheria ya bosi, nikashusha kile kiganja kimoja.

Akanyoosha shingo, akasema taratibu, "Dereva, zima hicho kipaza sauti chenu. Tumesikia."

Nilitamani tope litumeze sote tuishe. Bosi akafunika uso kwa mikono miwili. Baba mdogo akasema neno moja la Kizanaki ambalo siwezi kuliandika humu.

Ng'ombe wakaletwa, jozi tatu za kulimia na minyororo ya plau. Gari isiyopenya risasi ikavutwa na ng'ombe, akina mama wanapiga vigelegele, mtoto mmoja amekaa juu ya boneti anatoa amri. Tukasimamishwa mbele ya boma. Mlango ukafunguka. Mbuzi akatangulia kutoka.

Tukaketi. Mume kimya, kichwa chini, kama mila inavyotaka. Baba mdogo akasimama, akasafisha koo, akaanza hotuba yake.

Mzee Mahushi akamzuia. Akasema kuna wazee hapa wanasema mila imevunjwa, mkwe ameongea ukweni, tena mama mkwe akiwa anasikia. Akachomeka fimbo yake ardhini. Mimi nawaza ng'ombe wanarudi Butiama na mimi natafuta kazi.

Halafu akasema, "Mimi sijamsikia mkwe wangu akisema neno. Uso wake sikuuona. Mimi nimesikia gari inaongea. Na gari imeongea vizuri."

Watu wakacheka, hata wale wazee wakali. Aliyenuna ni baba mdogo peke yake, maana hotuba yake ilikufa mdomoni. Mpaka leo ukimgusia anasema ilikuwa na mifano mizuri.

Akaitwa Mama Neema aseme mwenyewe. Hakumwangalia mumewe, aliniangalia mimi. Akaniuliza kioo gani kinashuka kwenye hiyo gari. Nikamwambia ni cha dereva tu, tena kiganja kimoja.

Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Nikamtazama bosi. Bosi, bado kichwa chini, akatikisa kichwa kukubali.

Basi wakuu, tukarudi hivi: Mama Neema kwenye usukani (leseni anayo), bosi pembeni yake, baba mdogo nyuma ananuna, na mimi dereva nimekaa nyuma kushoto, kiti cha kukanda mgongo, nakunywa soda ya friji. Kile kioo kiganja kimoja kiko chini njia nzima. Manyamanyama akasimama kwa mama muuza nyanya. Mkono wote haukupita, vikapita vidole vinne, yule mama akavishika vyote vinne wakaulizana hali mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

Tulipofika Butiama kumshusha baba mdogo, tukawakuta baadhi ya wale watu wa msiba, wamekaa nje ya nyumba ya marehemu. Mama akasimamisha gari. Kabla hajasema kitu, nikasikia mlango wa mbele unasukumwa. Bosi ameshuka. Kwa kawaida hashuki mpaka mimi nizunguke gari nikague kwanza. Siku hiyo alienda peke yake, mikono wazi, akawapa pole mmoja mmoja. Mikono ilikuwa inatetemeka, niliiona. Akaendelea nayo hivyo hivyo mpaka mtu wa mwisho.

Mama alikuwa analia pale kwenye usukani. Mimi nikajifanya natafuta soda nyingine.

Gari bado ipo. Siku hizi inabeba mabondo, maana yale kweli yanahitaji ulinzi. Watu tunapanda pikapu ya zamani, vioo vyote vinashuka, kimoja hakipandi kabisa. Bosi bado anaogopa pikipiki, ila sasa mkewe anajua, akisikia moja nyuma anamshika mkono.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kama una hela na unataka gari ya namna hii, nunua, usalama ni jambo la kweli na aliyevamiwa msimcheke. Ila kabla hujamwogopea mkeo, mwambie kwanza unaogopa. Na dereva mwenzangu, tafuta mtu akutafsirie kile kitabu.

Haya, nimemaliza, jukwaa lenu. Mwenye swali kuhusu hizi gari aulize, mwenye kisa cha ukweni akimwage hapa tucheke wote. Na kama kuna mtu wa Bunda alikuwepo siku ile, mkuu, yule mbuzi mlimchinja au bado yupo?