Msaragambo wa Oveni ya Chome

Nilipangiwa kazi wilayani Same miaka ile rafu za maduka ya ushirika zikiwa tupu. Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa baiskeli, muhuri na majalada, pamoja na agizo la Mkuu wa Kitengo cha Miradi Midogo: "Bwana Mshauri, kila mwenye mradi na mshauri wake. Usishike jalada la mwenzako." Neno mjasiriamali lilikuwa halijatufikia.

Naandika haya kwa sababu nimesoma katika kijitabu cha semina kwamba ulezi wa wajasiriamali kwa timu uliletwa kwetu na wataalamu kutoka mbali. Si kweli. Nilikuwepo, na kwa masikitiko nakiri kwamba kosa la kumbukumbu hizo lilianza na kalamu yangu.

Ilipokuja ruksa ya biashara huria, bidhaa zilijaa Hedaru, mji wa bondeni, huku mashamba ya mkonge yakipunguza watu. Mama Namsifu, mjane wa kijiji cha Chome huko mlimani, alikuwa akioka mikate na kuiteremsha Hedaru kwa lori la mboga. Sasa mkate wa kiwandani ulifika kwa basi, laini, ndani ya mfuko wa nailoni. Mwenye hoteli, mteja wake mkubwa, alimwambia wazi kwamba mikate isipobadilika mwezi ule, asilete tena. Nyumba yake yote iliitegemea mikate hiyo.

Alikwishapitia washauri watatu, kila mmoja kwa zamu yake. Wa kwanza alisema aongeze hamira, wa pili apunguze kuni, mimi nikasema abadili unga.

"Bwana Afisa," aliniambia, "mmenijaza maneno mpaka unga wenyewe unaniogopa."

Niliona aibu. Nikaamua kuwakutanisha wote walioigusa kazi yake, na nikamwomba mwenyekiti wa kijiji atangaze "msaragambo wa ushauri". Upareni msaragambo ni kazi ya pamoja: baragumu likilia, watu hutoka kutengeneza barabara, mfereji au nyumba ya mwenzao. Nilidhani nimechagua neno la kuwavuta tu. Asubuhi ile nilikuta ua wa Mama Namsifu umejaa watu wenye majembe, sururu na karai. Mimi nilishika daftari.

"Tunachimba wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Hatuchimbi, mzee. Tunashauriana."

"Loo! Ushauri siku hizi unalimwa kwa sururu?" Ua mzima ukacheka, na baadhi wakaanza kugeuka waondoke.

Mama Namsifu hakucheka. "Msirudi, jamani. Mmeshatoka majumbani. Itazameni oveni yangu."

Fundi Rajabu, mtu wa Kigoma aliyepunguzwa kazi kwenye mashine za mkonge, alipiga magoti na kuingiza mkono ndani. "Mama, mlango wako unatazama upepo. Moto wote unakimbilia upande mmoja."

"Na unanipakilia mikate ya moto," alisema dereva wa lori. "Ikifika Hedaru imelowa jasho kunishinda mimi."

Mwenye hoteli, aliyepanda na lori hilo, alikohoa. "Tena inafika saa nne. Wateja wangu wanakunywa chai saa moja."

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye majalada yetu. Kabla ya jioni oveni ilikuwa imebomolewa na kujengwa upya, mgongo ukielekea upepo. Ikakubaliwa mikate ipoe kwanza, ishuke na lori la alfajiri. Mwezi ulipokwisha, mwenye hoteli aliendelea kununua.

Tangu hapo nililea kila mradi kwa timu: fundi, msafirishaji, mnunuzi, na afisa wa kuandika. Mwenye mradi huanza kusema, na uamuzi hubaki wake.

Mkuu wa Kitengo alipoisoma taarifa yangu aliuliza, "Nani alimshauri?"

"Wote, mkuu."

"Wote hana cheo wala saini. Andika jina moja."

Niliandika langu. Nikapewa barua ya pongezi, nikaipokea.

Nimestaafu, na maofisa vijana wanaponiuliza timu ya ulezi huundwaje, nawajibu kwamba huanza pale afisa anapokubali kunyamaza. Juzi nilipanda Chome kumsomea Mama Namsifu masahihisho yangu ya taarifa ile, majina ya wote waliostahili pongezi: mwenyekiti, Fundi Rajabu, dereva, mwenye hoteli, kisha yeye. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona mimi niko mkiani?"

"Wewe ndiye uliyesaidiwa, mama."

"Watu walikuwa wanaondoka. Nani aliwarudisha?"

Nikaichana karatasi ile, nikaomba nyingine, nikaanza na jina lake.