Mkono wa Abundio kwenye Kitambaa cha Cirila

Zamani kule mji wa Itauguá, mtu akitafuta ñandutí, ule ufumaji mwembamba kama utando wa buibui, alielekezwa moja kwa moja kwa Cirila Ovelar. Maduara yake yalitoka sawasawa, utadhani yamepimwa. Kisha baridi yabisi ikamwingia vidoleni. Mwanzoni aliamka tu mikono imekakamaa. Baadaye hata kufunga vifungo vya blauzi kukawa kunamtoa machozi. Akafungia sindano kabatini, akawaambia wateja amechoka.

Noelia, msanii kijana kutoka mji mkuu, Asunción, alimkuta kwenye foleni ya kituo cha afya. Alikuwa anawakusanya watu wanaoishi na maumivu yasiyoisha ili wafume kitambaa kimoja kikubwa, kila mtu na kipande chake. Alikuwa ameshanunua uzi mwekundu na mweusi. Cirila akautazama, akauliza nani amefariki.

"Maumivu yangu hayana rangi ya damu, binti. Ni kama kuvaa glavu iliyojaa mchanga."

Noelia akacheka, akaurudisha uzi dukani, na Cirila akakubali kujiunga. Tangu siku hiyo hakuamua kitu peke yake.

Aliyekaa karibu na Cirila kwenye kazi hiyo alikuwa Abundio, dereva wa lori aliyeachishwa usukani na maumivu ya mgongo. Alifuma amelala kwenye benchi, fremu ya mbao juu ya kifua. Cirila alimwambia kipande chake kinafanana na wavu uliokanyagwa na ng'ombe, naye akajibu kwamba ng'ombe huyo alifundishwa na Cirila.

Ila kuna jambo Cirila hakulisema. Alichofuma mbele ya wenzake alikifumua akifika nyumbani, kwa kuwa maduara yalikuwa yanapinda. Wiki zikapita, kipande chake hakikui. Abundio ndiye aliyeng'amua.

"Dada, unafumua, sivyo?"

"Siwezi kuwaonyesha watu kitu kibovu."

"Kwa hiyo changu kibovu ndicho cha kuonyesha?"

Hakuwa anatania. Cirila akachukua mkoba wake akaondoka.

Baridi ya Julai ikamlaza kitandani, naye akatuma habari kwamba amejitoa. Noelia na Abundio wakamfuata nyumbani na mkate wa chipa wa moto, na fremu yake. Noelia hakumbembeleza. Alimuuliza tu vidole vinaweza nini leo. Cirila akapitisha sindano mara chache, mkono ukagoma. Basi akaanza kumwelekeza Abundio, aliyekuwa amejinyoosha sakafuni kando ya kitanda: pitisha chini, vuta taratibu, hukazi turubai la lori. Walicheka hadi Abundio akashika kiuno akiomba wanyamaze. Duara likatoka limelegea upande mmoja. Cirila akanyoosha mkono kuchukua mkasi, kisha akaurudisha mkono chini ya blanketi.

"Liacheni," alisema. "Leo ndivyo tulivyoweza."

Kitambaa kilitundikwa kwenye ukumbi wa kanisa mwezi wa Septemba. Mteja mmoja wa zamani wa Cirila alisimama mbele ya duara lile, akauliza kama ni la mwanafunzi. Cirila alihisi uso ukimchoma, lakini akamjibu kwamba ni lake na la Abundio, akamwonyesha mkono wa nani uliishia wapi. Yule mama aliinama, akaliangalia kwa muda mrefu.

Cirila hakupona. Hufuma asubuhi vidole vikimruhusu. Visipomruhusu, Abundio huja na tereré yake, kinywaji baridi cha majani, wakabishana juu ya uzi mpaka jua linapopanda.