Kilichokuwamo Ndani ya Wavu

Wenzake wa kiwanda cha mikate walimwita Mama Wavu, naye hakukasirika, maana wavu wa nywele ndio urithi pekee alioachiwa na mama yake, ukiondoa ulimi mkali. Mama mtu aliufuma kwa kroshia enzi zile ambapo mwanamke asiyefunga nywele wavuni alionekana hajui hata kuoga. Wavu huo ulifanya kazi kuliko wajukuu wote wa ukoo: ulichuja maziwa, ulibeba mayai kutoka sokoni, ulining'iniza vitunguu jikoni, kisha ukafuliwa ukarudi kichwani.

Siri ilikuwa ndani yake. Nywele za Mama Wavu zilimhama zamani, baada ya homa kali, zikaondoka bila kuaga. Fundo lile jeusi la kisogoni, ambalo mchoma mikate alilisifia kila asubuhi, lilikuwa nyuzi za sweta kuukuu. Marehemu mumewe alizikwa bila kujua, au alijua akanyamaza, kwa kuwa alikuwa mpenda amani.

Sasa mteja amerudisha mkate wenye unywele. Meneja mpya aliushika unywele huo kwa vidole viwili, macho yakamwendea Mama Wavu moja kwa moja.

“Mama, hilo dude lako lina matundu. Kofia za plastiki nilizoleta umezikataa. Kusanya vitu vyako uende nyumbani.”

“Si wangu huo.”

“Wa nani basi? Wa unga?”

Wenzake wakainama, wakikanda unga uliokwisha kukandwa. Mama Wavu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akinyamaza, kazi imekwenda na maji. Akijitetea, fundo limekwenda, na mchoma mikate yuko palepale, koleo mkononi, anatazama. Akamlaani meneja kimoyomoyo, akalilaani na sweta, akauvua wavu.

Nyuzi zikaporomoka sakafuni. Kichwa kikabaki kinang'aa.

“Haya, bosi. Nionyeshe ulipong'oka.”

Meneja akaanza kujikuna ndevu.

“Na hizo ndevu zako,” Mama Wavu akamuuliza, “zina kofia?”

Meneja akakumbuka ana simu ya kupiga, akatoka.

Mchoma mikate akasogea karibu. “Mwenzangu, miaka yote hii nimesifia sweta, kumbe kichwa chenyewe ndicho kizuri!”

“Nenda kaangalie mikate yako, inaungua,” alimfokea, lakini hakuharakisha kuuvaa wavu.

Mikate iliungua kweli, tanuri zima.