Treni ya Kumtoa Mama Timboroa

Treni ya mizigo ikipiga honi hapa Eldoret, mimi nakimbia. Nimewahi kumwacha mteja amesimama na pini kwenye pindo la sketi, mikono juu kama aliyekamatwa, nikatoka mbio hadi nyuma ya duka kutazama mabehewa mpaka la mwisho lipotee. Narudi nikihema, nimefurahi utadhani nimeletewa zawadi. Mimi ni fundi wa nguo, nina wajukuu, na nacheza na treni. Anayetaka kucheka acheke, lakini akumbuke pini ninazo mimi.

Treni zangu za nyumbani ni ndogo, injini moja inatoshea kiganjani. Nilianza kwa bahati tu. Nilikuwa sokoni nikichakura lundo la vitu vya watoto vya mitumba, kati ya wanasesere wasio na nguo, nikaona gurudumu. Nikavuta. Woi! Injini nzima, ya kijani, nzito, ina taa na hata vingazi vya dereva kupandia. Nilipiga kelele mpaka muuzaji akadhani nimechomwa na sindano. Tangu hapo hunitengea chochote chenye sura ya reli, na soko lote huniita Mama Treni. Mzee wangu, baba wa watoto wangu, ambaye kwao ni upande wa ziwa, alinicheka wiki nzima. Halafu akanipigilia meza ya mbao iliyomeza chumba chote walichokuwa wakilala watoto.

Juu ya meza hiyo nilijenga njia ninayoijua mimi, kutoka Timboroa kushuka mpaka Eldoret. Timboroa niliinua juu kwa katoni za unga. Msitu ni vijiti vya ua wetu, kondoo ni pamba, na paa la stesheni ni mkebe wa mafuta ya kupikia nilioukata, nao ukanikata vilevile.

Kwa sababu mimi ni mtoto wa stesheni ile. Mama aliuza viazi vya kuchemsha na chai kwa abiria, nami nilibeba vikombe. Baridi ya Timboroa unaijua? Vidole vinakataa kukunjika. Lakini treni ikitokea kwenye miti, baridi yote nilisahau! Madirisha yalijaa mikono, kila mtu anaita, mama huku, mama viazi, na Mama anakimbia na sufuria yake akicheka kama msichana.

Nilichopenda zaidi kilikuja wakati wa kuondoka. Stesheni masta alisimama ukingoni ameinua pete kubwa ya waya iliyoning'inizwa kifuko cha ngozi. Injini ikimpita polepole, dereva aliinama dirishani akaidaka kwa mkono. Ndani ya kifuko kulikuwa na kipande cha chuma, na mwenye kile chuma ndiye mwenye njia, mpaka amkabidhi stesheni masta wa mbele. Bila hicho, treni haitoki hata kama ndani kuna nani. Sisi watoto tuliiita bangili ya dereva. Tulipigana kwa ajili yake, na bangili yetu ya kuchezea ilikuwa waya tu tuliyoitoa kwenye ua wa watu.

Treni za abiria ziliisha. Baba akafariki, sisi watoto tukatawanyika, na Mama akabaki peke yake kwenye nyumba ile ya mbao na kifua kinachokoroma kila msimu wa mvua. Mwaka jana jirani alimkuta kitandani hajawasha moto tangu jana yake. Nikipigiwa simu asubuhi mapema, moyo ulikuwa unanipasuka kabla sijaipokea. Nilimsihi ahamie kwangu. Nililia, nikanuna, nikamgombeza, mimi mtoto nikimgombeza mama, Mungu anisamehe. Yeye aligusa tu ufunguo wa nyumba yake, ambao hautoki kifuani, umefungwa kwenye kamba ndefu.

"Timboroa nililetwa na treni," alisema. "Nilitoka Turbo nikiwa bibi harusi, na sanduku langu la bati. Siku treni itarudi kunichukua, nitatoka."

Akija kututembelea, halali siku ya tatu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," husema akifunga leso. "Na jembe langu liko Timboroa."

Basi Jumapili moja, baada ya kanisa, alikuwa kwetu. Ilikuwa siku ya pili, na mimi tayari nilikuwa na hasira ya kesho. Meza yangu alikuwa hajawahi kuitazama sawasawa, alikuwa akipita mlangoni akisema, "Mtu mzima na vitoto vya treni!" Siku hiyo akaingia. Akainama, akaangalia paa la mkebe, akaangalia kondoo.

"Hapa ndipo nilikuwa nauzia," akasema, kidole kikiwa pale pale.

"Ngoja uone, Mama!" Nikaiweka injini ya kijani na mabehewa yake Timboroa, nikashika kisanduku cha stima chenye kifundo cha kuzungusha kuongeza mwendo.

"Wacha!" Mama akanishika mkono. "Inaenda wapi? Bangili iko wapi?"

"Mama, hii ni ya kuchezea."

"Kwani stesheni yako haina mwenyewe?"

Akaitazama ile treni kutoka injini mpaka behewa la mwisho. Halafu akavua kamba shingoni. Akaizungusha ikawa duara, akaiweka na ufunguo wake kwenye behewa la wazi nyuma ya injini. "Sasa njia ni yake," akasema. "Endesha."

Niliendesha! Treni ikatoka Timboroa ikiteremka, magurudumu yakiimba, ufunguo ukigonga bati, nami roho mkononi, nikiiomba isianguke kwenye kona. Kona ikapita. Nikaongeza mwendo kwa furaha.

Stima ikapotea.

Treni ikasimama katikati ya njia, si Timboroa, si Eldoret. Niliwatukana watu wa stima hadharani, na kanisani nilikuwa nimetoka muda huo huo. Hasira ilikuwa ya kuficha hofu. Ufunguo ulikuwa pale, mkono wa Mama ungeufikia bila kunyooka. Angeuchukua, angecheka, kesho yake angepanda gari kurudi kwenye baridi yake.

Mzee wangu alipitisha kichwa mlangoni. "Niisukume kidogo?"

"Mtu asiguse!" tukasema pamoja, mimi na Mama.

Nikaleta chai. Tukakaa tukiitazama treni iliyokwama kama watu wanaosubiri mgonjwa. Mwisho nikashindwa. "Mama, ukitaka ufunguo wako, chukua. Sitakulaumu."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikivunja kikombe. "Umesahau wewe? Dereva akishapewa bangili, mtu hamnyang'anyi. Ningemwambia nini?"

Kabla sijajibu stima ikarudi, na mimi mjinga nilikuwa nimeacha kifundo kimefunguliwa mpaka mwisho! Treni ikaruka kama ng'ombe aliyeumwa na siafu. Ikapita shamba la mahindi, ikapita daraja, ikaingia Eldoret bila kupunguza. Nikatupa kikombe, nikalala juu ya meza na nguo yangu ya kanisa, nikaidaka ukingoni magurudumu yakizunguka hewani. Mzee wangu akapiga makofi huko mlangoni. Mabehewa ya nyuma yalianguka chini, lakini lile la wazi nilikuwa nimelikumbatia, na kamba imenikamata kwenye kifundo cha mkono.

Mama hakucheka. Alikuwa amesimama wima, mikono imetulia kwenye leso yake.

"Stesheni masta wa Eldoret," akasema, "umepokea?"

"Nimepokea, Mama." Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka.

"Basi mwambie mkwe wangu kesho akanichukulie kuku wangu. Na jembe asilisahau."