Siku Niliyofungiwa Kizimbani na Pia

Ndugu zangu wa humu ndani, kaeni vizuri niwape mkasa. Kuna siku mtoto wa watu aliniona, akanipenda, akamwomba mama yake wanichukue nyumbani.

Mama mtu akanikagua kuanzia utosini mpaka kwenye viatu vya mpira. Akasoma kibao kilichokuwa mlangoni. Kisha akasema, "Hapana, mwanangu. Huyu ameshakomaa, hafundishiki."

Nilikuwa ndani ya kizimba cha mbwa, na kimefungwa kwa nje.

Msinicheke kwanza. Nitawaeleza nilifikaje humo.

Mimi nafanya kazi kwenye kituo cha kutunza mbwa waliotupwa. Wanaookotwa mitaani, walioachwa na wenyewe waliohama, wote wanaishia kwetu. Wafanyakazi tupo watatu tu. Kuna Mama Mkuu, ndiye mwenye kituo. Kuna Mpishi, anayepika chakula cha mbwa huku redio imefunguliwa mpaka mwisho, ukimtaka lazima umtikise bega. Halafu kuna mimi, wa kufagia, kuosha vizimba, kubembeleza na kung'atwa.

Mbwa mwenyewe tulimwita Pia, kama ile pia wanayochezea watoto. Alipoletwa alikuwa mpole, rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala. Mwanzoni alikaa vizuri tu. Baadaye kizimba kikaanza kumla.

Akawa anazunguka. Anazunguka mpaka wewe unayemtazama unashikwa na kizunguzungu. Akipumzika, analamba ukuta. Chakula anakinusa na kukiacha. Na kubweka, jamani! Anaanza alfajiri, bila kituo, kisauti chembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Daktari wa mifugo alimpima, akatikisa kichwa.

"Huyu si mkali, wala hana kichaa," alisema. "Amechoka kufungiwa. Apate kwao, atatulia. Mkimwacha humu atajimaliza mwenyewe."

Kusema ni rahisi. Wageni wakija kuchagua mbwa, wakifika kwa Pia wanaongeza mwendo. Nilijaribu kumpiga picha nimtangaze mtandaoni, kila picha ikatoka ukungu wenye mkia. Nikamwendea dada yangu, ninayeishi kwake, nikamwomba karibu nipige magoti.

Akanitazama nilivyosimama mlangoni na manyoya mpaka kwenye nyusi.

"Mnyama mmoja ndani ya nyumba hii ananitosha," akasema, akarudi kwenye vyombo vyake.

Halafu kulikuwa na jirani. Nyumba yake iko nyuma ya ukuta wetu. Sikuwahi kumtia machoni, ila kila asubuhi nilimsikia akifoka kwenye simu ya Mama Mkuu, na Mama Mkuu kaishika simu mbali na sikio.

"Huyo mbwa wenu! Mtamnyamazisha, au niende serikalini wakamnyamazishe?"

Jumatano jioni Mama Mkuu akaniita ofisini. Alikuwa amevua miwani. Mama Mkuu akivua miwani, ujue kimenuka.

"Ijumaa daktari anakuja," akasema. "Anakuja na sindano."

"Ya chanjo?"

Akatikisa kichwa.

"Mama, nipe muda kidogo tu."

"Muda nimekupa, mwanangu. Mbwa anajitafuna mkia mpaka damu. Siwezi tena kumwona anateseka vile. Akipata mtu kabla ya Ijumaa, nitashukuru. Asipopata..."

Akavaa miwani yake, akageukia dirishani. Nilitoka pale nikaenda kusimama kwenye kizimba cha Pia. Nilimpenda yule mbwa, sioni haya kusema.

Sasa njooni Alhamisi.

Milango ya vizimba vyetu inajifunga yenyewe. Ukiuachia mlango unajibamiza, kitasa kinashika, na kuufungua ni mpaka ufunguo. Funguo zote zipo kwenye kitita kimoja, na hicho kitita kinaishi kiunoni kwa Mama Mkuu. Kwa hiyo asubuhi yeye anakufungulia, wewe unategesha ndoo ya maji mlangoni usijifunge, yeye anaendelea na mambo yake. Jambo la kwanza unalofundishwa ukiajiriwa pale ni hili: usiguse ndoo ya mlangoni.

Akanifungulia kwa Pia, akaondoka kwenda mjini kununua unga wa chakula.

Nikaanza kusugua sakafu. Mimi nasugua, Pia anazunguka. Maji ya kusuuzia yakaniishia, nikaukinga mlango kwa mguu, nikamwaga yale ya kwenye ndoo, nikairudisha mlangoni tupu. Nikamaliza. Nikamtazama Pia na lile sikio lake lililolala, nikakumbuka kesho.

Nikataka kukaa naye kidogo tu. Sakafu imelowa, nitakaa wapi? Nikaivuta ndoo ndani, nikaipindua, nikaikalia. Roho ilikuwa imejaa huruma, na akili imekwenda likizo.

Kwa!

Mlango huo.

Simu yangu ilikuwa ofisini inachajiwa. Nikamwita Mpishi, ikanijibu redio. Nikaita tena, wakanijibu mbwa wote wa mstari mzima. Hapo nikajua nimeingia choo cha kike.

Nikaanza kutembea. Kutoka kona hii mpaka kona ile, nikigeuka, nikirudi. Punde nikagundua kwamba nazunguka. Tulikuwa tunapishana na Pia, yeye kulia, mimi kushoto, kama watu wawili waliopoteza kitu kimoja.

Ndipo wakatokea yule mama na mtoto wake.

Nilivyowaona nilirukia wavu, nikaushika kwa mikono miwili, nikapiga kelele, "Jamani! Jamani, huku! Nitoeni!"

Mama akamvuta mtoto nyuma. Kibao cha mlangoni kiliandikwa hivi: *Dume. Hupiga kelele akiona wageni. Usiingize vidole.*

"Mama, tumchukue huyu," mtoto akasema, akinionyesha mimi.

Jibu la mama yake mmeshalisikia. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha, Mungu ambariki, akaenda kumwita Mpishi. Mpishi akaja na mwiko mkononi, akanitazama, akakaa chini kabisa kwa kicheko. Alipoweza kuongea akampigia Mama Mkuu. Mama Mkuu alikuwa kwenye foleni.

"Anasema utulie, anakuja," Mpishi akaniambia. "Wacha mimi nikaangalie sufuria."

Wale wageni wakachagua mbwa mdogo anayeachwa huru kule mbele, wakaondoka naye. Mimi nikabaki.

Nikaamua kutulia kweli. Nikakaa kwenye ndoo yangu, nikaegemea ukuta, nikanyoosha miguu. Na hapo, ndugu zangu, Pia akasimama. Akanitazama. Akaja taratibu, akaweka kidevu juu ya kiatu changu, akalala. Haikupita muda akaanza kukoroma.

Tangu kizimba kianze kumla sikuwahi kumwona amelala mchana. Sikuthubutu hata kujikuna.

Mara akaingia mzee mmoja. Shati limenyooshwa vizuri, vifungo mpaka shingoni, fimbo mkononi. Mstari mzima ukalipuka kwa kubweka isipokuwa kizimba chetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama vizuri. "Umefanya nini mpaka ukafungwa?"

"Nilikalia ndoo."

"Sheria za siku hizi kali," akasema, bila hata kutabasamu. "Namtafuta mbwa mmoja. Ana domo. Anabweka tangu alfajiri mpaka mtu unatamani kuhama."

Nikajiuliza, mtu anamtafuta mbwa wa hivyo ili iweje? Nikaona bila shaka anataka mlinzi, wa kufungwa mnyororo getini usiku na mchana. Pia atoke kizimbani akaingie kwenye mnyororo? Thubutu!

"Jaribu yule mweusi wa mwisho kabisa," nikamwambia. "Yule ana koo la chuma."

Akaenda. Akasimama mbele ya yule mweusi, akainamisha kichwa, akamsikiliza. Akarudi amechoka.

"Si yeye. Yule sauti yake nzito."

Kulikuwa na ndoo nyingine imepinduliwa pale nje. Akaivuta, akaikalia. Tukawa tumekaa, wavu katikati yetu, kila mtu na ndoo yake.

"Pole na kifungo," akasema. "Mimi nilikuwa naendesha lifti. Ujana wangu wote nimeumalizia ndani ya kiboksi, juu, chini, juu, chini. Nilikuwa na kistuli changu humo. Watu wakiingia tunasalimiana, tunataniana, siku inakwenda. Akaja meneja mpya, akasema kistuli kinaharibu sura ya lifti. Akakiondoa. Nikawa nasimama. Na watu wakaacha kunisalimia, sijui kwa nini, labda mtu aliyesimama anaonekana kama sehemu ya mashine. Mwanangu, nilianza kuongea peke yangu. Nikawa nahesabu ghorofa kwa sauti hata nikiwa nyumbani mezani. Marehemu mke wangu ndiye aliyenishtua."

Pia akaamka. Roho ikaniruka. Nikasema basi, anaanza.

Hakuanza. Akajinyoosha, akapiga miayo, akaenda kuegemea wavu pale pale lilipokuwa goti la mzee.

"Huyu mbona kimya?" mzee akauliza.

"Ndivyo alivyo," nikasema bila kupepesa jicho. "Mpole sana."

"Humu ndani huyu peke yake ndiye mwenye akili. Na wewe nakuhesabu."

Akapitisha kidole kwenye wavu, akamkuna shingoni. Pia akafumba macho.

"Ana mwenyewe?"

"Hana, mzee."

"Mimi nina nyumba nzima, na wa kuongea naye ni birika la chai." Akakohoa kidogo. "Nikimtaka huyu, nazungumza na nani?"

Kabla sijajibu, nikasikia funguo zinalia. Mama Mkuu huyo, anakuja anahema, ananitazama kama mtoto aliyeanguka kisimani. Akafungua. Nikatoka kwa furaha na ndoo yangu mkononi, mlango ukajibamiza nyuma yangu.

Pia akabaki ndani peke yake.

Akazunguka mara moja. Akazunguka tena. Kisha akaanza, kile kisauti chake chembamba, kinachopasua ukuta.

Mzee akasimama taratibu. "Sauti hiyo naijua," akasema.

Mama Mkuu akageuka haraka. "Na mimi yako naijua. Mzee, wewe si ndiye unayenipigia kila asubuhi?"

"Ndiye mimi. Leo nimekuja mwenyewe nimwone huyo mbwa uso kwa uso."

Ardhi ingepasuka ningeingia.

"Basi umemwona," Mama Mkuu akasema, sauti imemchoka. "Usijali, mzee. Kesho daktari anakuja na sindano. Hutamsikia tena."

Mzee akanigeukia. "Ndivyo alivyo, eeh? Mpole sana?"

Nikatazama viatu vyangu. Pia anazunguka, anabweka, mkia umeanza kutoka damu tena, na mimi machozi yananilenga. Nilijua nimeharibu. Mtu pekee aliyemtaka nilimdanganya, na sasa ameujua ukweli mbele ya macho yake.

"Fungua," mzee akamwambia Mama Mkuu.

"Mzee, akiwa hivi..."

"Nimesema fungua, mama. Na wewe, nipe hiyo ndoo."

Akaingia. Akaipindua ndoo, akaikalia, fimbo katikati ya magoti.

"Mzee, mlango!" nikapiga kelele.

Kwa!

Hakushtuka. Akakaa tu, anamtazama Pia anavyozunguka. "Ghorofa ya kwanza," akasema polepole. Pia akazunguka. "Ghorofa ya pili." Pia akapunguza mwendo. Sijui walifika ghorofa ya ngapi, mimi nilikuwa nafuta pua kwa mkono wa shati. Nilipotazama tena, kidevu cha Pia kilikuwa juu ya kiatu cha mzee.

Mama Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa kanga yake. "Tukufungulie?" akanong'ona.

"Subirini kidogo. Ndiyo kwanza ametulia."

Ijumaa daktari alikuta kizimba kitupu, akarudi na sindano yake.

Simu za asubuhi zikakoma. Tukasahau kabisa. Mpaka siku moja ikalia, nikamwona Mama Mkuu anaisogeza mbali na sikio kama zamani.

"Hao mbwa wenu!" sauti ikafoka. "Wanapiga kelele mno! Mbwa wangu hapati usingizi!"

Mama Mkuu akacheka mpaka akakaa. "Basi njoo uwanyamazishe mwenyewe," akamwambia.

Na akaja. Kila siku alasiri anakuja na kistuli chake, Pia yuko pembeni yake kanenepa, mkia umeota manyoya. Anaingia kizimba hiki, anatoka, anaingia kile, anawahesabia ghorofa. Mbwa waliokuwa wanalamba kuta sasa wanalala mchana, na wageni wanaopita wanasimama. Mama Mkuu ametengeneza funguo nyingine, nami nazivaa shingoni.

Ninachowaachia ni hiki. Ukimkuta mtu anazunguka, anapiga kelele, hakaliki naye, kabla hujamwita kichaa angalia kwanza amefungiwa wapi na amekaa peke yake tangu lini. Mimi nilikaa asubuhi moja tu, na nilikuwa nimeshaanza kurukia wavu.

Na wewe mama uliyepita siku ile na mwanao, kama unasoma hapa, mwambie mtoto bado nipo. Dada yangu anasema atanitoa bure. Na si kweli kwamba sifundishiki, ndoo ya mlangoni sijaigusa tena.